Naomba ushauri: uzi bapa unalegea kwenye petali za peoni

Habari zenu wadau wa tarizi. Natarizi ua la peoni kwa mtindo wa Kijapani, nihon shishu, kwenye hariri iliyowambwa katika fremu. Petali nimezijaza kwa uzi bapa usiosokotwa, hira-ito, nikifuata mshindo wa kitambaa (nyuzi zake za kukingama). Petali ndogo zimekaa vizuri, zinang'aa kama maji. Zile zenye upana wa zaidi ya sentimita 1 ndizo zinalegea katikati, na nyuzi zinaachana hadi kitambaa kinaonekana.

Nimekaza kamba za fremu na kulainisha kila mshono kwa tekobari, kifaa cha kunyooshea uzi. Nilipopunguza unene wa uzi hadi nusu, mianya ikazidi.

Je, niibane mishono hiyo kwa uzi mwembamba juu yake, kwa nafasi gani? Au nifumue, nianze na uzi mzima? Asanteni.