Chandarua cha bure kweli hakithaminiwi?

Mjumbe wa Kisiwani
Wanajamvi, habari za jioni. Niko kwenye kamati ya zahanati huku Ukerewe. Juzi kikao kimevunjika saa mbili usiku kwa ajili ya vyandarua. Mwenyekiti kashikilia kwamba cha bure hakithaminiwi: watu wanaanikia dagaa, wanazungushia mchicha. Anataka kina mama wachangie hata elfu moja, "wakitoa jasho watakitundika". Nusu ya kamati tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Kufika nyumbani nikajiuliza: kuna mtu amewahi kulipima hili, au tunarushiana maneno tu?

Nesi Mstaafu, Kakamega
Ndugu mjumbe, limepimwa, tena huku kwetu magharibi mwa Kenya. Watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichukua kliniki 20 za wajawazito, wakachapisha matokeo 2010. Bei zilipangwa kwa kura: kwingine bure, kwingine shilingi 10, 20, hadi 40. Kura ndiyo siri yenyewe. Kila kliniki ingejichagulia bei, usingejua tofauti imeletwa na bei au na hali ya watu wa pale.

Baadaye wakawafuata akina mama majumbani kuona kama kimetundikwa. Waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Lakini penye shilingi 40, katika kila wanawake mia, 60 zaidi waliondoka mikono mitupu kuliko penye bure.

Shilingi 40! Nilifanya kliniki miaka hiyo (si hizo 20), na nimemwona mama akifungua fundo la leso, akahesabu sarafu, akalifunga tena. Ilikuwa nauli. Huyo ndiye mngesema hathamini.

Mdadisi wa Zamani
Shikamoo mama. Hata kwetu Tanzania, Hati Punguzo (vocha ya kupunguziwa bei ya chandarua) ilipoanza 2004, mjamzito alikuwa anaongezea pesa dukani.

Ila mjumbe, usibebe ya Kenya kama msahafu. Nimezunguka na madodoso miaka sita, ukimuuliza mtu "unalala kwenye chandarua?" atakuitikia ndiyo kwa adabu tu. Omba uingie chumbani. Na hivyo vya dagaa, vishike: ni vipya, au vimeshatoboka vikastaafishwa? Hilo mwenyekiti amelitazama?

Mjumbe wa Kisiwani
Hajalitazama, wala mimi. Leo nimemwomba tupite nyumba 20 kabla ya kikao kijacho. Swali lake la kwanza: posho atatoa nani?