Mada: Mke kajifungua Mtwara, mimi niko huku, na hali yake siielewi

Kutoka: ndugu wa Chuno, yuko Reading, Uingereza

Habari zenu wana Kusini. Naomba ushauri. Mke wangu kajifungua mtoto wetu wa kwanza hapo mjini Mtwara, leo ni wiki ya tano. Nikipiga simu anajibu "nzuri" basi. Mama anasema anadeka. Jirani anasema ni jini, na kuna mtaalamu Mikindani. Pesa nimetuma mara mbili. Likizo sina mpaka Machi. Nifanyeje?

Kutoka: ndugu wa Masasi, yuko Leicester

Kaka, pole, na hongera ya mtoto. Hili lilinikuta mwaka juzi na nilikuja kulijua limeshakomaa.

Kila nikipiga video, simu ilikuwa inaelekezwa kwa mtoto. Mtoto kapiga miayo, mtoto kavalishwa kofia, sote tunacheka. Sauti ya mke wangu naisikia kwa nyuma, uso siuoni. Siku moja simu ikamteleza ikaangukia mkekani, ikabaki inaonyesha bakuli la uji. Uji umeshika utando juu, nzi katua, kijiko hakijachovywa. Kwao ilikuwa saa kumi jioni, na uji ule, nilikuja kuambiwa, ulikuwa wa asubuhi. Mke wangu alikuwa hali chakula, na mimi kila siku naambiwa "wazima wote".

Kwa hiyo leo hii mwambie, "Nigeuzie simu nikuone wewe." Muulize kalala saa ngapi, kala nini, analia au halii. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimwambie ajikaze. Hilo "jikaze" ndilo lililomfunga mke wangu mdomo.

Halafu usingizi. Hapa ndipo nakuomba unisikilize sana. Pesa zako zimenunua samaki na pampasi, na vyote vinatakiwa, ila hakuna pesa inayombeba mtoto saa tisa usiku. Tafuta mtu. Arobaini ya kwetu ilikuwa na kazi hiyo: mzazi anakandwa maji ya moto, anapikiwa, mtoto anapokelewa na mikono mingine. Siku hizi mke yuko chumba cha kupanga, na wanaoweza kumsaidia wako shamba, maana msimu wa korosho ukianza hatoki mtu. Mimi nilimtumia shangazi nauli, nikawalipa na vibarua wa kumwokotea korosho zake, ndipo akaja kukaa mwezi mzima. Mtoto akishanyonya, shangazi anaondoka naye, mke analala kwa muda wa saa nne bila kuamshwa. Katika fedha zote nilizowahi kutuma nyumbani, hakuna zilizofanya kazi kama zile.

Na kipindi hiki cha baridi tumepishana na nyumbani saa tatu. Saa tisa yao ya usiku ni saa sita yetu, na ukitoka shifti ya jioni unakuwa bado macho. Mwambie akiamka kunyonyesha akubipu. Mimi nilikuwa nakaa naye hivyo hivyo, yeye ananyonyesha, mimi nakula wali wangu, hatuongei. Usiku wa tisa au wa kumi ndipo akasema, "Natamani nisingekuwepo." Nilimpigia shangazi dakika ile ile. Asubuhi wakawa hospitali.

Kliniki alikuwa anahudhuria, kumbuka. Mtoto anapimwa uzito, kadi inajazwa, haya mama nenda. Hakuna aliyemuuliza hali yake yeye, na linaniuma mpaka leo.

Kisomo wakitaka, kisomwe. Usigombane na wazee kwa simu. Ila hospitali isisubiri kisomo.

Kutoka: dada wa Lindi, mkunga, yuko Birmingham

Naongezea kidogo. Kulialia siku ya tatu au ya nne huwapata wazazi wengi, na hupoa ndani ya wiki mbili. Wiki ya tano si hayo tena. Huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona si kudeka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua. Asingoje kliniki ya siku ya 42. Aende hospitali ya Ligula hapo Mtwara, aulizie huduma ya afya ya akili, na aseme kwamba ananyonyesha, kwa sababu zipo dawa ambazo hazitamlazimu kumwachisha mtoto.

Akianza kukesha hata mtoto akiwa amelala, akasikia sauti, akasema mtoto si wake, hicho ni kichaa cha uzazi. Humpata mzazi mmoja au wawili katika 1,000, mara nyingi wiki mbili za mwanzo. Hiyo ni dharura: apelekwe siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Na wewe kaka, unalala? Sonona huwapata akina baba nao, karibu mmoja katika kumi.

Kutoka: ndugu wa Chuno, yuko Reading

Ahsanteni sana. Amenigeuzia simu. Amekonda uso. Alilia, na mimi nikalia. Mama mdogo kapanda gari la asubuhi kutoka Newala, kesho anampeleka Ligula. Dada, kulala silali vizuri, ni kweli. Najilaza kidogo sasa, nimetega kengele ya saa sita.