Roboti wenye umbo la mtu waje Mwanza kupima watu wanajisikiaje? Mi nasema waje, ila kwa masharti

Mtoa mada
Wakuu habari za jioni. Leo kijiweni Kirumba tumebishana mpaka chai imepoa. Je ni sawa watafiti walete roboti wenye umbo la mtu huku Kanda ya Ziwa, wakae na watu, waongee nao, afu watu waulizwe walijisikiaje? Wengi walisema hela ya hivyo ipelekwe kwenye maji. Mi nasema waje.

Kwanza hawa roboti wameshafika kwa majirani. Kinshasa mwaka 2013 waliweka maroboti ya aluminiamu ya kuongoza magari barabarani na yalitengenezwa na Wakongomani wenyewe, timu ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Kigali nao 2020 wakati wa korona waliweka watano kuwapima watu joto ili manesi wasikaribiane sana na wagonjwa, wakawapa na majina ya Kinyarwanda, mmoja Akazuba. Kutoka hapa Kigali si mbali wakuu. Sasa siku hawa roboti wakiwekwa hospitali zetu watakuwa wamezoea watu gani? Tafiti nyingi za haya mambo zinafanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Ulaya, Japani na Marekani. Mjapani Masahiro Mori aliandika tangu 1970 kwamba roboti akikaribia sana kufanana na mtu bila kufika kabisa, mtu anaanza kusisimkwa mwili kama kaona maiti. Sawa, ila mtu wa Tokyo hawezi kumjibia mvuvi wa Ukerewe.

Chukua shikamoo tu. Kuna roboti anaitwa Pepper, ametengenezwa kuongea na watu, ana sentimita 120, urefu wa mtoto wa darasa la pili, ila umri hana. Akikutana na bibi wa Magu nani anamwamkia nani? Asipotoa shikamoo bibi kashamaliza naye hapohapo, afu ripoti itaandika wazee wa Mwanza wanaogopa teknolojia, kumbe bibi kachukizwa na utovu wa adabu.

Mdau wa Igoma
Mkuu nakuheshimu ila hapana. Kuna mtaa huku watu wanaamka saa tisa usiku kukinga maji, we unataka waulizwe wanamuonaje roboti? Na hizi tafiti tunazijua, wanakuja wanachukua wanaondoka, ripoti hatuioni hata ukurasa mmoja.

Mtoa mada
La ripoti nakuunga mkono, nimewahi kuwa mkusanya data pale mwaloni kwenye soko la samaki na kilichotoka sijakiona mpaka leo. Na nilijifunza kitu. Tulikuwa na maswali ya kuchagua namba 1 mpaka 5, mama mmoja wa dagaa akaniambia "we andika tu inayokufaa mwanangu, si umetutembelea." Yaani anajibu kwa ukarimu. Sasa dodoso linalotumika sana kwa roboti, la Godspeed la 2009, ni hivyohivyo, unapewa maneno mawili, upande huu anafanana na mashine upande ule anafanana na mtu, uchague namba katikati. Kwa mama yule utapata nne nne mpaka mwisho.

Mi ningemuacha aongee tu nisikilize anaanzaje neno. Akisema "limeniangalia" kwake ni dude. "Ameniangalia" kashampa uhai. "Kameniangalia" kashakaona katoto. Hiyo namba haikupi, na hii ndo sababu nataka utafiti ufanyike kwa Kiswahili na Kisukuma na watu wa hapahapa, sio dodoso lililotafsiriwa.

Nesi wa zamu
Maji na roboti sio mfuko mmoja kaka wa Igoma, hela ya utafiti huwa inatolewa kwa kazi yake. Mi shida yangu ni ile mbinu ya kumficha mtu chumba cha pili anaongea kupitia roboti huku mshiriki anadhani roboti anaongea mwenyewe. Wenyewe wanaiita mbinu ya Mchawi wa Oz. Huku kwetu! Bibi zetu wameuawa wakiitwa wachawi kwa macho mekundu tu, ya moshi wa kuni, afu ulete dude linaloongea na kumjua mtu kwa jina? Mtafiti atapanda ndege, yule aliyeonekana anacheka nalo anabaki kijijini.

Mtoa mada
Dada hapo umenigusa, sikuwa nimefika huko. Najua huwa wanamwambia mtu ukweli baada ya zoezi, ila jirani aliyechungulia dirishani nani atamwambia? Basi liwe sharti, watu waelezwe kabla, na mtaa mzima sio mshiriki peke yake, hata kama matokeo yatapungua utamu. Na macho ya roboti ni kamera jamani, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha za watu zisiondoke bila ridhaa yao.

Mdau wa Igoma
Na mama wa dagaa akikaa na watafiti masaa mawili biashara yake nani anamfidia?

Mtoa mada
Alipwe siku yake nzima, na ripoti isomwe kwa sauti palepale mwaloni. Nimetoka kumuonyesha bibi yangu video ya Pepper kwenye simu. Kaangalia kimya, afu akauliza "Kanakula nini haka?" Nikamwambia umeme. Akasema, "Na ukikatika, nani anakalea?" Mi hilo nataka liwe swali la kwanza.