Watoto wa mdogo wangu wanakwenda kusoma sekondari Coffs Harbour, Australia: shule itawapokeaje?

Mama Mkubwa wa Kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wazazi na walimu. Nimewalea watoto wawili wa mdogo wangu hapa Kadutu kwa miaka sita, tangu mama yao alipotoka kambi ya Nakivale, nchini Uganda, akapelekwa kuishi Coffs Harbour, mji wa pwani katika jimbo la New South Wales, Australia. Sasa watoto wamepata viza zao za kudumu, na mwishoni mwa Desemba watapanda ndege. Mvulana ana miaka 16 na yuko mwaka wa pili wa umanite, yaani sekondari ya juu. Msichana ana miaka 13 na yuko darasa la saba. Mama yao amekwisha kuzungumza na shule ya sekondari ya serikali iliyo karibu na nyumba yake, na shule imemwambia awalete siku moja kabla ya muhula kuanza ili yeye na watoto watembezwe.

Neno hilo la kutembezwa ndilo lililoninyima usingizi. Mimi shule nimeiingia mara nyingi, lakini kila mara nilikuwa nimeitwa, ama kwa sababu ya minervali (karo), ama kwa sababu mvulana amepigana. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya prefe, mkuu wa shule, mpaka jina langu lisomwe, nikajibu nilichoulizwa, nikaondoka. Mdogo wangu naye anachuma matunda shambani kuanzia alfajiri, na Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi na kuulizia basi. Ninaomba mwenye kujua anieleze: wakifika pale, ni nani atakayewasimamia? Mama yao atasikilizwaje? Mvulana atapoteza miaka aliyokwisha kusoma? Na mimi huku, kabla hawajaondoka, niwatayarishie nini?

Mtoto wa Birere (zamani Goma, sasa Wollongong)

Jambo Mama Mkubwa. Nimekulia Birere na sasa ninaishi Wollongong, mji mwingine wa pwani katika jimbo hilohilo, kusini ya Sydney, na wadogo zangu watatu wamepitia sekondari ya serikali hapa. Nitajibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako linagusa jambo ambalo familia nyingi za kwetu hulielewa baada ya mwaka mzima kupita.

Nianze na mpangilio. Sekondari ya New South Wales huanza mwaka wa 7 na kuishia mwaka wa 12. Mwaka wa shule huanza kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, huisha Desemba, na umegawanywa katika mihula minne ya wiki kama kumi kila mmoja. Watoto wako, kwa hiyo, watafika wakati wa likizo ndefu ya kiangazi, na hilo ni jambo jema, maana wataanza siku moja na wenzao. Shule ya serikali haidai karo kwa mtoto mwenye viza ya kudumu. Utaletwa karatasi ya mchango, lakini ni wa hiari, na hakuna mtoto atakayefukuzwa darasani kwa ajili yake. Gharama ya kweli ni sare, viatu vyeusi, kofia ya jua na vifaa vya baadhi ya masomo. Shule nyingi huuza sare zilizokwisha kuvaliwa kwa bei ndogo, na mzazi aliyekwama anaweza kumwambia mkuu wa shule bila aibu.

Kuhusu msimamizi: kila mwaka wa masomo una mwalimu mlezi wake, ambaye kazi yake inafanana na ya titilere wa kwetu, yaani mwalimu wa darasa, ila yeye huwalea wanafunzi wote wa mwaka ule, iwe ni masomo, ugomvi au huzuni. Huyo ndiye mtu wa kwanza ambaye mdogo wako anapaswa kulijua jina lake. Yuko pia mshauri wa nafsi, yuko mwalimu wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo kama lugha ya ziada, na siku za mwanzo mtoto hupewa mwanafunzi mwenzake wa kutembea naye. Usiudharau msaada huo wa mwisho. Kwetu wanafunzi hukaa na walimu ndio wanaohama. Hapa kengele ikilia ni wanafunzi wanaohama, kila somo lina chumba chake, na mtoto aliyetoka Bukavu anaweza kupotea mara nne kabla ya saa sita mchana.

Sasa mama atasikilizwaje? Shule hulipia mkalimani, na mzazi anaweza pia kupiga namba 131 450, aseme neno moja tu, "Swahili", naye ataunganishwa na mkalimani, kisha mkalimani na shule, bila kulipa chochote. Lakini nikupe tahadhari iliyotokana na meza yetu wenyewe. Siku tuliyomwandikisha mdogo wangu, mkalimani alikuwa sauti tu, ikitoka kwenye simu iliyowekwa katikati ya meza, na kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Tanzania. Akauliza: "Mtoto anapenda masomo gani?" Mama yangu, ambaye kwake masomo ni shule yenyewe, ukuta wake na kengele yake, akajibu kwa kutaja jina la shule yetu ya Goma. Kimya kikaingia. Naibu wa mkuu wa shule alikuwa ameshika kalamu juu ya fomu, akimtazama mama, mama akiitazama simu, mpaka mimi nilipoeleza, tukacheka wote. Ila ningekuwa sipo, sijui pale penye nafasi ya hesabu na sayansi pangeandikwa nini. Mwambie mdogo wako aombe mkalimani anayekijua Kiswahili cha Kongo, na asipoelewa neno, aseme hakuelewa.

Jambo la mwisho kwa leo. Sherehe ya kuwapokea wageni wapya huanza kwa maneno ya kuwatambua wenye ardhi ya asili, ambao huko Coffs Harbour ni watu wa Gumbaynggirr. Watoto wasidhani ni sala wala siasa. Wewe uliye Bushi, nchi ya Washi, unajua kwamba mgeni hajengi kabla hajatambulishwa kwa mwami, mtawala wa jadi; wachukulie hivyo, wasimame kwa adabu.

Mwalimu wa Himbi (Goma)

Mama Mkubwa, mwenzangu amekueleza ya kule, mimi nikueleze ya huku, kwa sababu nimewatayarishia karatasi wanafunzi kadhaa waliosafiri.

Shida kubwa kuliko zote ni majina. Mkongo ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo, wala yasiyofanana na ya mama yao. Fomu za kule zina nafasi ya jina la familia na jina la kuitwa, basi. Hakikisha kwamba mpangilio ulio kwenye viza ndio utakaotumika shuleni, na kwamba buletini (ripoti ya shule) haina herufi inayopingana na viza. Kama ipo, nenda kwa prefe wao sasa, akuandikie barua yenye muhuri inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtoto mmoja. Barua hiyo hapa ni kazi ya dakika kumi. Kule itakuwa kazi ya miezi.

Chukua buletini zote za miaka mitatu iliyopita, cheti cha kumaliza shule ya msingi, na cheti cha kuhudhuria chenye pointi (alama) za kipindi kilichokwisha, maana mwaka wetu huanza Septemba na wao wataukata katikati. Usizitafsirishe Bukavu kwa pesa yako. Mtu mwenye viza ya kudumu anatafsiriwa bure na serikali ya Australia hadi hati 10, ndani ya miaka miwili tangu viza ilipotolewa. Chukua pia kadi za chanjo, hata zile zilizochakaa, kwa kuwa shule itauliza habari za chanjo, na wauguzi huja shuleni kuwachanja wanafunzi wa mwaka wa 7 na wa mwaka wa 10 kwa idhini ya mzazi.

Kuhusu mvulana, nina neno. Kule hawarudishi mtoto nyuma kwa sababu ya pointi; humweka hasa kwa kufuata umri. Kwa miaka 16 wanaweza kumweka mwaka wa 10 au wa 11. Wengi wa kwetu hushangilia mwaka wa 11, kwa kuwa unaonekana kama kupanda. Mimi ningemshauri mama yake aombe mwaka wa 10. Mwaka wa 11 ndio unaoanza njia ya mtihani wa mwisho unaoitwa HSC, masomo huchaguliwa mapema, na mtoto ambaye bado anatafuta neno la "mraba" kwa Kiingereza atachagua kwa kubahatisha.

Baba wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ninakubaliana na Mwalimu kuhusu mwaka wa 10, lakini ninaona mnampa Mama picha tamu kupita kiasi. Watoto wa kaka yangu walipokelewa katika sekondari moja ya serikali ya pwani hiyo, nisiyoitaja, kwa tabasamu, kwa matembezi na kwa mfuko wa madaftari. Wiki ya tatu yule mwanafunzi mwenzao wa kuwatembeza alirudi kwa rafiki zake, na mvulana wetu akawa anakula chakula chake maktaba, peke yake, mpaka Juni. Hakuna aliyemfukuza popote. Alikuwa amefundishwa nyumbani kwamba mtoto mwenye heshima haongei na mkubwa kabla ya kuulizwa, na hamtazami usoni. Walimu wakauona ukimya ule wakadhani anaelewa kila kitu. Kaka yangu naye hakuwahi kukanyaga pale, kwa sababu hakuwahi kuitwa, na kwetu kutoitwa ni habari njema.

Hapo ndipo mapokezi yalipoharibika, na ninailaumu shule kidogo na kaka yangu zaidi. Kule mzazi asiyekuja haonekani kuwa mwenye heshima. Anaonekana kuwa hana swali. Alipokwenda hatimaye, pamoja na mkalimani, alipewa saa nzima, na wiki ileile mtoto akahamishiwa kikundi kidogo cha Kiingereza na timu ya mpira. Vyote viwili vilikuwapo tangu Februari.

Mambo madogo yaliyowasumbua: simu. Katika sekondari za serikali za jimbo hilo, tangu Oktoba 2023, simu haitumiki siku nzima, hata wakati wa mapumziko. Mtoto asipofika shuleni, mzazi hupata ujumbe siku hiyohiyo na anapaswa kutoa sababu ndani ya siku saba. Kaka yangu alidhani ni matangazo, akawa anaufuta. Na fimbo haipo kabisa, kwa hiyo mtoto asidhani kwamba mwalimu asiyepiga ni mwalimu asiyekasirika.

Mama Mkubwa wa Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana, ndugu zangu. Baba wa Kamalondo, hadithi yako imenichoma, kwa maana huyo wa kwangu ndivyo alivyo, na ni mimi niliyemfundisha kuinamisha macho. Kesho ninakwenda kwa prefe kwa ajili ya majina, na safari hii sijaitwa na mtu. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mvulana analilia Kifaransa chake. Anasema miaka yote ile imekuwa bure. Na shule iko mbali kidogo na nyumba, watakwendaje?

Mtoto wa Birere (zamani Goma, sasa Wollongong)

Kifaransa hakipotei, Mama. Ni somo kamili la HSC, na ikiwa shule yake haina mwalimu, ipo shule ya serikali ya kufundisha lugha kwa masafa. Asijiandikishe tu katika ngazi ya wanaoanza, kwa kuwa hiyo haimruhusu mtu aliyekwisha kukisoma. Somo la lazima katika HSC ni Kiingereza peke yake, na hata hicho kina mtaala wa pekee kwa mwanafunzi ambaye amesoma kwa Kiingereza kwa miaka mitano au chini ya hapo. Aulize habari hiyo mapema, kwa mwalimu wa Kiingereza cha ziada, kwa mdomo wake mwenyewe.

Usafiri ni rahisi: mwanafunzi wa sekondari anayekaa zaidi ya kilomita 2 kutoka shuleni kwa mstari ulionyooka hupanda basi bure, ila mzazi lazima aombe kadi.

Nimesahau jambo moja, nalo ni kubwa. Shule nyingi za pwani hufanya mashindano ya kuogelea katika muhula wa kwanza, na baada ya masomo wanafunzi huenda ufukoni. Watoto wa Bukavu huja wakijiona samaki kwa sababu ya Kivu. Ziwa halina mkondo unaomvuta mtu kutoka ukingoni kwenda ndani. Bahari ya Coffs Harbour inao, na hauonekani kwa macho ya mgeni. Waogelee kati ya bendera za nyekundu na njano, mahali palipo na waokoaji, na wakivutwa wasishindane na maji: waelee, wainue mkono.

Mama Mkubwa wa Kadutu (Bukavu)

Nimewasomea wote wawili maneno hayo ya bendera, na mvulana nimemfanya ayarudie akinitazama usoni. Msichana anauliza kama maji ya mashindano ni ya baridi kuliko Kivu.

Mtoto wa Birere (zamani Goma, sasa Wollongong)

Mwambie Februari ni kiangazi hasa, na mashindano hufanyika kwenye bwawa, si baharini. Aje na nguo ya kuogelea yenye mikono. Jua la hapa huunguza hata ngozi yetu.