Mzani wa samaki hausomeki kwenye Java: kompyuta ya mtumba, Raspberry Pi, au kubadilisha maktaba?

Karani_Mwaloni
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni karani katika ghala la mnunuzi mmoja wa samaki hapa mwalo wa Kirumba, Mwanza, na tunatumia programu ya Java inayosoma uzito kutoka kwenye mzani wa kielektroniki na kuuingiza moja kwa moja katika stakabadhi ya mvuvi. Kompyuta tuliyokuwa nayo imeungua baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu. Ile tuliyoazima inaifungua programu vizuri, lakini ukibonyeza kitufe cha kusoma mzani unatokea ujumbe wenye neno UnsatisfiedLinkError, yaani Java imeshindwa kupakia maktaba (faili ya msimbo inayoiwezesha kuzungumza na mzani), na sehemu ya kilo inabaki tupu. Kwa sasa tunaandika kwa kalamu, na wenye dagaa hawana subira.

Mwajiri wangu anataka jibu kabla ya Ijumaa, nasi tunafikiria njia tatu. Ya kwanza ni kununua kompyuta ya mtumba inayofanana na ile iliyoungua. Ya pili ni kununua Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, kwa kuwa haili umeme mwingi. Ya tatu ni kumlipa mtu abadilishe hiyo maktaba inayokataa kupakiwa. Naomba ushauri: ipi ni nafuu na itadumu?

Fundi_Nyakato
Pole kwa kuunguliwa na mashine, ndugu karani. Swali lako halijibiki lilivyo sasa, kwa sababu umetaja jina la hitilafu ukaacha maneno yanayofuata baada ya nukta pacha, na maneno hayo ndiyo yanayoeleza kilichotokea. Ukiona «no rxtxSerial in java.library.path», Java imepekua folda zote inazozijua na faili ya maktaba hiyo, rxtxSerial, haikuiona. Ukiona «Can't load IA 32-bit .dll on a AMD 64-bit platform», faili imeonekana, ila ni ya biti 32 ilhali Java inayoiita ni ya biti 64. Ukiona «Can't find dependent libraries», faili yenyewe ipo, lakini inategemea faili nyingine ambayo mashine haina. Haya ni matatizo matatu tofauti yenye jina moja, na mawili ya mwanzo unaweza kuyamaliza bila kununua chochote.

Kwa hiyo tuletee ujumbe wote, utuambie ni Windows ipi, kisha fungua dirisha la amri uandike java -version na utunakilie majibu yake.

Igoma_Linux
Mimi ningekwenda na Raspberry Pi bila kusita. Unaweka Linux, unaunganisha mzani, unasahau habari za .dll, yaani faili za maktaba za Windows. Kwa mahali ambapo umeme unakatika kila mara, kifaa kinachokula wati chache na kinachoweza kukaa kwenye betri ndogo ya sola ndicho chenye akili.

Dada_Pasiansi
Kaka Igoma, kusahau .dll si kusahau tatizo, kwa maana kwenye Linux utakutana na .so, ambayo ni faili ya maktaba ya huko, na ile .so ni lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya prosesa ya ARM, aina iliyomo kwenye Pi. Faili ya Intel haitapakiwa kwenye Pi hata ikiwa na jina lilelile, na hata ndani ya ARM kwenyewe ya biti 32 na ya biti 64 haziingiliani. Isitoshe, mtumiaji ambaye hayumo katika kundi la dialout hataruhusiwa kuufungua mlango wa mzani kwenye mifumo mingi ya jamii ya Debian.

Niwasimulie lililonikuta mimi, kwa kuwa linahusu hoja hii hasa. Niliitwa Ukerewe kwenye kituo kimoja cha kupokelea samaki, ambako programu ya Java ilikuwa imefanya kazi vizuri kwa muda mrefu juu ya Linux, kisha ikaacha kusoma mzani bila mtu yeyote kuigusa. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kwenye simu. Nilipovuka kwa kivuko hadi Nansio na kufungua kumbukumbu za programu, nilikuta mstari mmoja unaojirudia ukurasa baada ya ukurasa: NoClassDefFoundError, Could not initialize class. Mtu yeyote akisoma hivyo atadhani kuna .jar (faili inayofungasha msimbo wa Java) iliyopotea, na fundi aliyenitangulia alikuwa amekwishanakili upya kila .jar aliyoiona.

Ilinibidi niizime programu, niiwashe tena na kutazama mara ya kwanza kabisa mzani unapoitwa, kwa sababu Java hutoa UnsatisfiedLinkError mara moja tu pale darasa (kipande cha msimbo wa Java) linaposhindwa kuanzishwa, na kuanzia hapo kila atakayelihitaji darasa hilo anapewa NoClassDefFoundError peke yake. Ujumbe wa kwanza ndio wenye habari, nao huwa umezikwa juu kabisa ya kumbukumbu au umekwishafutwa. Safari hii haukuwa umeandikwa hata huko juu. Aliyeandika programu alikuwa ameizungushia catch ya Exception, yaani mtego wa makosa ya kawaida, na UnsatisfiedLinkError si Exception bali ni wa ukoo wa Error, basi ilipita pembeni, uzi ule (mkondo wa kazi ndani ya programu) ukafa kimyakimya na skrini ikabaki na sifuri.

Nilipoibadilisha sehemu hiyo ikamata Throwable, yaani makosa ya kila aina, ukweli ukajitokeza: «failed to map segment from shared object». Maktaba ilikuwa ndani ya .jar, na programu ilikuwa inaitoa na kuiweka kwenye /tmp, folda ya muda, kila inapowashwa. Kumbe kampuni moja iliyokuja kuimarisha usalama wa mashine ilikuwa imeiwekea /tmp sharti la noexec, ambalo linazuia faili yoyote ya humo kutekelezwa, na haikumwambia mtu. Faili ilikuwepo, nilikuwa naiona kwa macho yangu kwa amri ya ls, na ruhusa zake zote zilikuwa sawa. Niliiwasha programu kwa -Djava.io.tmpdir ikielekea folda nyingine, na mzani ukasoma papo hapo. Kituo kizima kilikuwa kimekaa na kalamu kwa ajili ya neno moja kwenye /etc/fstab, faili inayopanga masharti hayo.

Kwa hiyo Linux ni nzuri, naipenda na ninaitumia, lakini usimuuzie karani kwa ahadi kwamba atasahau.

Igoma_Linux
Sikusema haina matatizo, dada. Lakini hilo lako lilisababishwa na watu, mfumo ulifanya kilekile ulichoamriwa. Na kwenye Linux unaandika ldd mbele ya jina la .so, unaonyeshwa kila inachotegemea na palipoandikwa «not found». Huko Windows utapata wapi kitu cha hivyo bila kupakua programu ya mtu?

Dada_Pasiansi
Watu ndio wanaoziendesha mashine zote, kaka, hata ya karani.

Karani_Mwaloni
Asanteni sana. Ujumbe wote unasema «no rxtxSerial in java.library.path». Mashine ya kuazima ni Windows 10. Kwenye diski ya kompyuta iliyoungua, ambayo kwa bahati ilipona, nimeikuta rxtxSerial.dll ndani ya folda ya Java, kwenye jre\bin. Nifanye nini nayo?

Mzee_Capri
Vijana, kabla hamjamtuma karani kunakili mafaili ya kale, mwambieni ukweli kwamba RXTX, yaani maktaba yenye hiyo rxtxSerial, imeachwa bila kutunzwa kwa miaka mingi. Leo mtu anayeanza kazi ya mlango wa serial (ule wa kuunganishia vifaa kama mzani) anatumia jSerialComm, ambayo imebeba ndani ya .jar yake maktaba za Windows, za Linux, za macOS na za ARM, na inajichagulia ifaayo bila wewe kugusa java.library.path.

Tena tazameni mambo yanakoelekea. Toleo la 22 la Java, lililotoka Machi 2024, lilikamilisha njia mpya ya kuita msimbo wa C bila kupitia JNI, njia ya zamani. Toleo la 24 la Machi 2025 limeanza kutoa onyo pale programu inapopakia maktaba asilia (isiyo ya Java) bila kuruhusiwa kwa --enable-native-access, na toleo hilohilo ndilo lililoiondoa Java ya biti 32 kwa Windows. Mnataka karani ajenge ghala juu ya msingi unaobomolewa? Njia ya tatu ndiyo njia.

Fundi_Nyakato
Shikamoo mzee. Yote uliyoyasema ni kweli, lakini karani ana wavuvi mlangoni na Ijumaa iko karibu, na programu iliyoandikwa kwa gnu.io, jina la madarasa ya RXTX, haigeuki kuwa jSerialComm kwa kubadilisha .jar. Ni lazima msimbo uguswe.

Karani, faili hiyo ilikuwa jre\bin kwa sababu kwenye Windows folda ilimo java.exe ni mojawapo ya mahali ambapo Java hutafuta. Watu wengi waliiweka huko, na ndiyo maana ukisakinisha Java upya, au ukihamia mashine nyingine, inapotea bila mtu kukumbuka kwamba ilikuwepo. Usirudie hivyo. Iweke kwenye folda ya programu yenyewe, kisha uiwashe programu kwa kuongeza -Djava.library.path yenye njia ya folda hiyo, na uhakikishe maneno hayo yametangulia -jar, kwani yakija baada yake Java itayachukulia kuwa ni ya programu na haitayatazama. Na bado nasubiri java -version.

Buzuruga_Umeme
Samahani niingilie. Huo mzani unaunganishwa vipi na mashine mpya? Kompyuta nyingi za siku hizi hazina mlango wa serial, kwa hiyo mtahitaji adapta ya USB, na adapta zinazouzwa mjini nyingi zina chipu bandia. Mwaka 2014 FTDI, watengenezaji wa chipu za adapta hizo, walitoa draiva ya Windows iliyozizima chipu zilizoigizwa kwa kuzibadilishia namba ya utambulisho, na watu wakajikuta na vifaa visivyotambulika tena. Mimi ningeanza na adapta kabla ya Java.

Fundi_Nyakato
Tahadhari ni nzuri, lakini adapta mbovu haitoi UnsatisfiedLinkError. Kwa RXTX, mlango usipoonekana utapata NoSuchPortException, na hiyo inakuja baada ya maktaba kupakiwa. Hatujafika huko.

Buzuruga_Umeme
Mtafika.

Karani_Mwaloni
Nimefuata maelekezo ya Fundi. Sasa ujumbe umebadilika na kuwa «Can't load IA 32-bit .dll on a AMD 64-bit platform». Majibu ya java -version yanaanza na 1.8.0, na mstari wa mwisho umeandikwa 64-Bit Server VM. Mwajiri ameniuliza kama hii ina maana tununue tu kompyuta ya biti 32.

Fundi_Nyakato
Hapana, mwambie asinunue. Umekwishasogea hatua moja, kwa sababu faili sasa inaonekana. Kinachopaswa kulingana na faili hiyo ni Java, si kompyuta wala Windows, na Windows ya biti 64 inaendesha Java ya biti 32 bila shida yoyote. Sakinisha Java 8 ya biti 32 kando ya hiyo iliyopo, kisha kwenye njia ya mkato ya programu andika anwani kamili ya java.exe hiyo, ile iliyo chini ya Program Files (x86). Usitegemee neno java peke yake, kwani PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri, inaweza kukupeleka kwenye ile nyingine.

Mzee_Capri
Na akija mtu kesho akasakinisha Java mpya juu yake? Bora kutafuta rxtxSerial.dll ya biti 64. Zipo.

Dada_Pasiansi
Zipo, mzee wangu, lakini .dll iliyookotwa kwenye tovuti isiyojulikana, kwenye mashine inayoandika fedha za watu, mimi siiweki. Naona kuna njia ambayo haijatajwa. Ipo nrjavaserial, ambayo ni tawi la RXTX. Imebaki na majina yaleyale ya gnu.io, na imefungasha maktaba asilia ndani ya .jar moja, za biti 32 na za biti 64. Kwa programu iliyoandikwa kwa RXTX, mara nyingi unaitoa RXTXcomm.jar unaiweka hiyo mahali pake bila kugusa msimbo. Angalizo langu ni lilelile la Nansio: nayo huitoa maktaba kwenye folda ya muda, hivyo folda hiyo iwe inaandikika na isiwe imezuiwa na programu ya kukinga virusi.

Karani, unao msimbo wa programu, yaani faili za .java, au una .jar pekee?

Karani_Mwaloni
Nina .jar pekee, dada. Kijana aliyeiandika alihamia Dodoma, na simu yake inaita bila kupokelewa.

Mwajiri naye amekwishaona kompyuta moja ya mtumba Makoroboi na anataka kutoa advansi. Muuzaji anasema ina mlango wa serial nyuma na ina Windows 10.

Igoma_Linux
Windows 10 ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025. Mimi bado nasema Pi.

Buzuruga_Umeme
Mlango wa serial ulio kwenye bodi yenyewe ni bora kuliko adapta yoyote, hilo msilidharau. Aende na kebo ya mzani akaijaribu dukani.

Dada_Pasiansi
Karani, kabla ya advansi, fungua folda ilimo programu utuambie: RXTXcomm.jar ipo peke yake pembeni, kwenye folda kama lib, au kuna .jar moja kubwa iliyomeza kila kitu? Kama imemezwa, kuibadilisha kutahitaji kuifungua hiyo .jar na kuifunga upya, na hapo nitakuandikia hatua zake.

Karani_Mwaloni
Sasa hivi kuna boti za sangara zimetia nanga na nimekaa mezani na daftari. Nitaangalia jioni tukishafunga.