Uwiano unanitoa jasho darasa la sita, nani ana mchezo wa darasani?

mwl_chaki: Wakuu habari za jioni. Nafundisha hisabati la sita, watoto 80 na kitu, tupo kwenye uwiano. Ukiwaambia watafute uwiano ulio sawa na 2:3 nusu darasa wanaandika 3:4 au 4:5, yaani wanajumlisha tu huku na huku. Nimeeleza ubaoni mpaka sauti imekauka. Mwenye mchezo usio na gharama anisaidie.

bi_shamba: Pole ticha, huo ugonjwa naujua. Mi natumia vizibo vya soda na punje za mahindi. Kila kundi linapanga mstari, vizibo 2 punje 3, nikipiga filimbi wanaongeza mstari mwingine ULEULE chini yake, halafu wanataja jumla, 4:6, filimbi tena 6:9. Kundi la kwanza linapata pointi. Anayesema 4:5 usibishane naye, mwambie apange, mstari wa pili utakosa punje moja na wenzake watampigia kelele wenyewe 😂

fundi_zege: Mi sio mwalimu ila nimecheka. Zege letu 1:2:4, ndoo ya simenti, mbili mchanga, nne kokoto. Siku moja nikamwambia saidia fundi wangu tudabo, jamaa kaongeza ndoo mojamoja kila kitu, ikawa 2:3:5. Simenti ya bosi ikaliwa hivihivi. Kumbe alianzia kwako la sita mwalimu

mama_ukwaju: Waonjeshe. Nilipika ukwaju mzito nyumbani, jagi la kwanza kikombe 1 kwa maji 4, la pili 2 kwa 5, la tatu 2 kwa 8. Kabla ya kuonja wengi walipiga kura la kwanza na la pili ni sawa. Wakaonja, mmoja akakunja uso, "mwalimu hii ya 2:5 kali!" Kelele zilivuka mpaka la saba, nikaitwa ofisini lakini poa tu

mwl_chaki: Nimejaribu vizibo leo, asanteni sana. Kugawa tu kumekula robo saa ila 4:5 zimepungua. Sasa wamekwama kurudi nyuma, 12:18 kuirahisisha hawawezi

bi_shamba: Wape vizibo 12 na punje 18 wagawe mafungu yanayofanana kabisa, kisibaki kitu. Kundi lenye mafungu mengi ndo linashinda. Wakifika mafungu 6 waulize fungu moja lina nini. Na vizibo vifunge kwenye mifuko usiku, usigawe darasani

mwl_chaki: Kesho nabeba mifuko