Mtoto anasema kizito na chepesi huanguka sawa, mimi nimeona tofauti kwa macho. Nani ako sawa?

MamaWawili_Umoja: Hamjambo wapendwa. Kijana wangu wa gredi 8 alikuja jana akasema ticha wa sayansi amewaambia jiwe kubwa na jiwe dogo ukiziachilia pamoja zinafika chini pamoja. Nikamwambia haiwezekani, na ndio tumalize ubishi nikachukua mitungi miwili ya lita 5, mmoja umejaa maji mwingine tupu, tukaenda balkoni floo ya nne, babake akasimama chini asipite mtu, nikaachilia. Ule wa maji ulitangulia, sote tuliona. Sasa kijana amenyamaza tu, anaona ni kama ticha alimdanganya, na sitaki adharau ticha wake kama mwenye makosa ni mimi. Nimwambie nini?

fundi_stima: Mama, ticha ako sawa na wewe pia hukuona vibaya. Kilichochelewesha mtungi tupu ni hewa. Mtungi wa maji unavutwa chini na nguvu zaidi, hiyo ni kweli, lakini pia ni mgumu kuanza kwenda, si unajua vile mkokoteni uliojaa hukataa kuondoka? Kitu kikiwa kizito mara kumi kinavutwa mara kumi, na ule ugumu pia ni mara kumi, kwa hivyo inatoka sare. Vyote vinaongeza spidi ya karibu mita 9.8 kwa sekunde, kila sekunde. Sasa hewa inakuja kuzuia, ule wa kilo 5 hausikii sana, ule tupu unasikia kabisa.

Wa_Kayole: Mimi bado. Nyundo na unyoya zifike pamoja kweli?

ticha_mstaafu: Zilifika. 1971 mwanaanga David Scott, wa safari ya Apollo 15, aliziachilia akiwa mwezini, kule hakuna hewa, zikagusa chini pamoja. Na mama usijisikie vibaya, Aristotle mwenyewe, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliamini kizito hutangulia, watu wakamfuata zaidi ya miaka elfu moja. Mwanahisabati Simon Stevin mwaka wa 1586 huko Delft, Uholanzi, aliangusha mipira miwili ya madini ya risasi, mmoja mzito mara kumi, mlio ukasikika kama mmoja. Wacha kutupa mitungi kwa ploti tafadhali, watoto hutokea ghafla. Chukua kitabu kikubwa, juu yake weka karatasi ndogo kuliko kitabu, kiachilie kikiwa kimelala, kitabu kitaikinga karatasi na hewa.

MamaWawili_Umoja: Tumejaribu mara tatu, karatasi imekwenda na kitabu mpaka kwa kapeti!! Kijana akaikunja ikawa mpira, akaiachilia kando ya kitabu, nayo ikafika pamoja nacho. Nimemwomba msamaha na ametabasamu. Ameona ile video ya mwezini, anauliza mbona nyundo ilianguka polepole hivyo.

ticha_mstaafu: Mwezi unavuta karibu moja kwa sita ya vile dunia inavuta. Mwonyeshe tena, unyoya nao ulichelewa vivyo hivyo.